Mwatum Aulizwe Kwanza

"Nimekurejea, Mwatum. Funga mizigo yako twende."

Miraji aliyasema hayo mlangoni, hata viatu hajavua. Uani kwa Bi Mwanaasha, Jang'ombe, ngoma ikanyamaza. Wanawake waliosimama safu wakajivutia kanga vichwani. Mwatum, aliyekuwa amekaa kwenye kibao akiwaelekeza mikono, hakuinuka.

"Hodi huijui, bwana?" akauliza Bi Mwanaasha, dada wa marehemu mama yake Mwatum. "Au huko kazini kwenu bandarini watu huingia tu?"

"Shikamoo, mama mkubwa. Nisamehe. Nimekuja kumchukua mke wangu."

"Marahaba. Mke wako yupi?"

Kicheko kikapita chini ya kanga. Bi Mwanaasha akawatoa wachezaji wote nje.

Miaka mingi Mwatum ndiye aliyesimama mbele katika lelemama, ngoma ya wanawake, na watu walikuja kumtazama yeye. Goti lilipomshinda, wengi walidhani sasa atatulia nyumbani. Wapi! Akaanza kutunga: lini mkono uinuke, lini safu igeuke, nani asimame wapi. Chama kikasifika mji mzima. Na Miraji, aliyemvumilia alipokuwa mchezaji, akashindwa kumvumilia alipokuwa mtungaji. Siku moja kwa hasira akampa talaka moja, naye Mwatum akaja kukaa eda kwa mama yake mkubwa.

"Nimekurejea," Miraji akasema tena. "Ila ngoma basi. Nnataka mke nyumbani."

Mwatum alikuwa amechoka. Goti lilimuuma, kitanda cha watu kigumu, na mume huyu, Mungu anajua, bado alikuwa akimpenda. Madhali eda haijaisha, mume wa talaka moja husema neno tu, mke akarudi, wala haulizwi. Na eda ni siri ya mwanamke. Angenyamaza tu, leo angelala kwake.

"Miraji, eda yangu imekwisha."

"Imekwishaje? Miezi mitatu haijatimia! Nimehesabu mwenyewe."

"Kwa kalenda ya ofisini?"

"Kwa ipi nyingine?"

"Mwanamke anayeona siku zake huhesabu twahara tatu, si miezi, bwana," akadakia Bi Mwanaasha. "Kwenye chuo cha Kurani ulikuwa ukisinzia?"

Miraji akavua viatu, akakaa chini pale pale.

"Mwatum, n'ambie kweli. Hunitaki, ndiyo maana unasema hivi?"

"Nnakutaka. Lakini nikinyamaza tutalala haramu, na dhambi itakuwa yangu. Sina nguvu ya kuibeba, Miraji. Nshachoka."

"Mbona hukuniletea habari?"

"Wa kurejea ni wewe. Nilikungoja mpaka siku ya mwisho."

"Na mimi nilikuwa nikikungoja wewe uje uombe." Akajipangusa uso. "Nikasema, siku bado zipo."

Bi Mwanaasha akajifanya anapepeta mchele.

"Ngoma imekukosea nini?" Mwatum akauliza.

"Ulipokuwa ukicheza, nilikuwa nakuona na wewe ukiniona. Tangu uanze kutunga, nakaa na mtu hayupo. Siku ile niliyokuacha, nilikuwa nakwambia mama yangu kaanguka msalani. Nilisema mara mbili. Unajua ulinijibu nini? 'Wageuke kushoto.'"

Mwatum akainamisha kichwa. Siku ile aliikumbuka kwa talaka yake tu.

"Sikukusikia."

"Najua hukunisikia."

"Mama mzima?"

"Mzima, alhamdulillahi. Anakuulizia."

"Nisamehe, Miraji. Ningekuwa mimi ningeumia." Akanyoosha goti taratibu, akikunja uso. "Lakini kuacha siachi, nisikudanganye. Mtoto sina, miguu sina. Na kichwa nacho nikifunge? Ukiwa na neno nami, niguse bega. Nitaacha safu isimame, nikutazame wewe."

Miraji akainuka.

"Sasa mimi nifanyeje?"

"Wanaotaka mke hufanyaje?" akasema Bi Mwanaasha. "Tuma watu! Na wewe ukija tena, piga hodi."

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala ya alasiri, Miraji alikaa barazani na jamaa zake. Sheikh Mabrouk na mashahidi wawili wakaingia ndani, wakasimama nyuma ya pazia la chumba alimokuwa Mwatum.

"Mwatum binti Masoud, Miraji anataka kukuoa. Ngoma hakuiwekea sharti. Nimemuuliza mbele za watu. Umekubali?"

Kimya. Alipoolewa mara ya kwanza alikuwa mwari. Alinyamaza, na kule kunyamaza kukamtosha kuwa jibu. Leo pia alidhani kutamtosha.

"Bibi, wewe si mwari tena," Sheikh akasema kwa upole. "Utasema kwa ulimi wako mwenyewe."

Mwatum akaegemea ukuta. Furaha ya biharusi aliitafuta asiione. Alichokuwa nacho ni uchovu, na mtu barazani ambaye naye amechoka, na ambaye safari hii amekuja kuuliza.

"Nimekubali," akasema.

"Sikukusikia vizuri, bibi."

"Nimekubali!" akarudia, na sauti ikapita pazia, ikapita ukumbi, mpaka barazani, Miraji akainua uso.