Kidonge Mfukoni mwa Ramlo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Ramlo alifukiza vibuyu vya maziwa vya nyanya yake. Alitia kijinga cha moto ndani ya kibuyu, akakifunika, akakitikisa, kisha akamwaga majivu na kukipangusa. Maziwa ya ngamia yaliyotiwa humo yalinukia moshi na hayakuchacha upesi. Wateja wa soko la Garissa waliyagombania.

Asubuhi hiyo alifukiza kibuyu kimoja zaidi, cha maji ya Qali.

Nani asiyemjua Qali? Alikuwa na miaka kumi na saba tu, binti wa wafugaji wa Buna, na nyimbo zake zilisikika katika kila tuktuk. Tangu kipindupindu kizuke, aliacha matamasha yake akawa anazunguka shuleni, akigawa dawa ya maji na kuwafundisha watu kuitumia. Leo ilikuwa zamu ya shule ya kina Ramlo. Qali angekunywa maji yaliyotiwa dawa mbele ya watu wote, na Ramlo ndiye aliyechaguliwa kuyatayarisha.

"Chuja maji, tia kidonge kimoja, usubiri nusu saa," Mwalimu Sakariye alikuwa amemwagiza alipompa kidonge cha dawa hiyo.

Ramlo aliyachuja vizuri maji ya mto yaliyoletwa na mkokoteni wa punda. Kisha akakinusa kidonge. Lo! Kilimchoma pua.

"Mgeni mkubwa hivi nimpe maji yanayonuka dawa?" alijiuliza. "Moshi unahifadhi maziwa, basi utahifadhi na maji."

Akakitia kidonge mfukoni.

Uwanjani watu walijaa hadi ukutani. Ramlo alisimama karibu na jukwaa, kibuyu mkononi, moyo ukimdunda kwa furaha.

"Usijikwae tu," Hanad, mwanafunzi mwenzake, alimnong'oneza. "Simu zote zinakutazama wewe."

Qali aliimba wimbo mmoja. Alipoanza kusema, sauti yake ilikuwa ya chini.

"Mdogo wangu Bare alikufa kwa kipindupindu. Nyumbani tulimpa maji safi kwa macho, ndani ya kibuyu kilichofukizwa vizuri. Tulidhani moshi unatosha. Moshi huleta harufu nzuri, jamani, lakini vijidudu vya kipindupindu hauvimalizi."

Ramlo akakipapasa kidonge mfukoni.

"Yalete maji, yalete!" watu wakashangilia. Mwalimu Sakariye akamsukuma taratibu. Ramlo alipanda jukwaani, akamimina maji kikombeni. Akisema, ataiaibisha shule nzima. Asiposema, je? Alimwona Qali akikipokea kikombe, akitabasamu, akikiinua. Harufu ya moshi ikamfikia Qali puani. Akasita kidogo, kisha akakisogeza mdomoni.

"Abaayo, dada yangu, usinywe!" Ramlo alipaza sauti.

Kikombe kikasimama hewani.

"Kwa nini, mdogo wangu?" Qali aliuliza.

"Sikutia dawa." Machozi yalimlengalenga. "Nilifukiza kibuyu tu. Sikutaka unywe maji yanayonuka. Nisamehe."

"Wallahi, umetuaibisha!" Hanad alipaza sauti. Baadhi ya watu wakacheka.

Qali hakucheka. Aliteremsha kikombe, akayamwaga yale maji, kisha akachutama mbele ya Ramlo.

"Kidonge kiko wapi?"

Ramlo alikitoa mfukoni. Qali aliagiza ndoo ndogo safi na maji yaliyochujwa, kiasi kile kile cha kibuyu, akamwambia Ramlo atumbukize kidonge mwenyewe mbele ya wote. Wakasubiri. Hakuna aliyeondoka. Qali aliimba tena, na safari hii Ramlo aliimba naye, kwanza kwa kunong'ona, kisha kwa sauti.

Nusu saa ilipopita, Qali alikunywa kikombe kizima. Akakunja uso.

"Kweli yananuka!" alisema, watu wakaangua kicheko. "Lakini kesho nitaamka mzima. Haya, nawe kunywa."

Ramlo akanywa.

Mwalimu Sakariye alichukua kipaza sauti. Ramlo aliinamisha kichwa akingoja kukaripiwa.

"Watoto wangu," mwalimu alisema, "kumheshimu mgeni ni kumlinda, si kumfurahisha pua. Ramlo alikosea alipofuata fikira zake badala ya maagizo ya dawa. Lakini aliposema kweli mbele yetu sote, aliokoa maisha ya mtu. Kosa likitokea, liseme kabla kikombe hakijafika mdomoni."

Hanad ndiye aliyeanza kupiga makofi.