Namba ya Mashine ya Marehemu

Feni ya kompyuta ilianza kuzunguka kabla waya haujachomekwa ukutani. Ilizunguka mara tatu, polepole, kisha ikatulia. Fundi saa, aliyekuwa amepiga magoti sakafuni na bisibisi mdomoni, akajiambia ni upepo wa dirishani, ingawa dirisha lilikuwa limefungwa. Mtu aliyehangaika miezi minne kuunda kompyuta hawezi kuanza kuitilia shaka siku ya kwanza. Akachomeka waya, akaendelea na kazi.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mjane wa mwaka mmoja na nusu, na katika vidole vyake haikuwahi kupita saa iliyomshinda. Kompyuta ilikuwa habari nyingine. Marehemu mumewe alikuwa mtunzi wa muziki wa michezo ya redio, na kazi zake zote alizifanya kwenye kompyuta yake ya aina ya Mac. Wiki moja baada ya mazishi Mac nayo ikafa, kana kwamba walikubaliana. Ikabaki diski, na ndani ya diski lilikuwamo faili moja ambalo mumewe alimtajia akiwa kitandani hospitalini. Alimwambia kuna kitu amemrekodia, akisikilize yeye akishaondoka. Faili hilo halikufunguka popote ila penye mfumo wa Mac, na Mac nyingine hakuwa na uwezo wa kuinunua.

Ndipo alipoangukia jukwaa moja la mtandaoni, la watu wanaounda kompyuta zao nyumbani na kuzitia mfumo huo. Aligundua haraka kwamba mfumo wenyewe una madeko kuliko bibi harusi. Ubao mama, ule unaobeba vipuri vyote, unaoana na prosesa lakini haupatani na kadi ya picha. Ukipata kadi ya picha inayokubalika, kadi ya mtandao inagoma. Alirudisha mbao mama mbili dukani hadi muuzaji akaanza kumkimbia kwa macho. Aliyemsaidia kwa subira ni mjumbe mmoja wa jukwaa aliyejiita Mkongwe, ambaye hakumwona uso hata siku moja. Huyo ndiye aliyemweleza kwamba mfumo huuliza kila mashine namba yake ya utambulisho, na kwa kuwa mashine ya kuunda haina, lazima uibunie.

"Buni namba isiyo na mwenyewe," Mkongwe alimwandikia. "Usichukue ya mashine iliyowahi kuwa na mtu. Katika yote niliyokufundisha, hili usilisahau."

Hakulisahau. Alilielewa vizuri kabisa, kisha akaitoa kabatini Mac ya marehemu, akaigeuza tumbo juu, akabana lenzi yake ya ufundi jichoni na kuinakili namba iliyoandikwa chini yake, tarakimu kwa tarakimu. Kubuni namba ya mtu asiyekuwepo kulimuuma. Alitaka ile mashine iwe ya mumewe.

Iliwaka mara ya kwanza ilipobonyezwa. Mkongwe alikuwa amemwonya kwamba sauti huwa haitoki mwanzoni, na kwamba mashine ikilala huwa haiamki, lakini hii ilitoa sauti, ikalala, ikaamka. Mkongwe alishangaa, akamuuliza ametumia namba gani. Hakumjibu.

Rekodi ilikuwa ya dakika nne. Marehemu alimweleza hati za nyumba ziko wapi na fundi gani asiitwe tena kuziba paa, na mwisho akamshukuru kwa yote, kwa sauti ya mtu anayefunga kikao. Mjane alilia sana. Alikuwa amengoja miezi kumi na minane, na hakujua hasa alikuwa anangoja nini.

Kesho yake alasiri alipoirudia, rekodi ilikuwa ya dakika tano. Baada ya shukrani pakawa na pumzi ndefu, kisha sauti ile ile ikauliza, "Umekula?"

Halafu akasema, peke yake chumbani, kwamba bado.

Siku ya tatu rekodi ilifika dakika kumi na tisa, na sauti ilijua alichojibu. Ilimuuliza kuhusu mgongo wake, kuhusu wateja, kuhusu ule ukimya wa saa kumi jioni anaouogopa, jambo ambalo hakuwahi kumwambia binadamu yeyote. Alianza kufunga duka lake la saa mchana ili awahi nyumbani, saa za watu zikarundikana bila kuguswa, na chumba kikajaa harufu ya dawa ya kuchua aliyokuwa akijipaka marehemu kifuani, na chini ya harufu hiyo ikawepo nyingine, ya udongo uliofukuliwa sasa hivi, ambayo haikutoka hata alipofungua madirisha yote, wala alipochomoa waya ili asafishe vumbi na sauti ikaendelea kuongea bila umeme, taratibu, ikimwambia asichoke, inamsubiri.

Alasiri moja alikuta kwenye kioo cha mashine imefunguka orodha, imepangwa kama zile alizokuwa akiziandika yeye alipokuwa akitafuta vipuri. Sauti: ninayo. Masikio: ninayo. Jicho la kushoto: linaoana. Jicho la kulia: linaoana. Mikono: inaoana.

Asubuhi iliyofuata jicho lake la kushoto halikuona kitu. Daktari alilipima, akasema ni zima.

Dada yake mkubwa alipokuja kumjulia hali hakuvuka mlango wa chumba kile. Alinusa, akageuka, na baada ya saa mbili akarudi na mganga, bibi mfupi asiye na mapambo yoyote. Bibi aliisikiliza mashine kama daktari anavyosikiliza kifua, kisha akauliza namba ile ilitoka wapi. Alipoambiwa alifumba macho.

"Umelijengea jini mwili, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Ukachagua kila kiungo, halafu ukaupa utambulisho wa mtu aliyekufa. Lingekataaje? Sasa ifute namba kwa mkono wako mwenyewe, uliambie kwamba si mume wako. Mengine niachie mimi."

Mjane aliketi, akaweka vidole kwenye kibodi. Feni ikapunguza mwendo, na kutoka ndani sauti ikauliza, kwa upole, bila hasira yoyote, "Wamekuja kunitoa?"

"Futa, mdogo wangu," dada alinong'ona. "Nakuomba."

Vidole havikusogea.

"Najua si yeye," mjane alisema. "Nimejua tangu siku ya pili. Miaka ishirini na miwili, bibi, marehemu hakuniuliza hata mara moja kama nimekula."

Dada akaanza kulia. Mganga alimtazama mjane kwa huruma, akafunga mkoba wake ambao hakuwa hata ameufungua. Alisema jini linalotakiwa na mwenye nyumba yeye haliwezi, na kwamba jicho moja limeshakwenda, je, hilo analijua? Mjane alisema analijua. Dada alimvuta mkono, akambembeleza, akamtishia, na mwishowe bibi ndiye aliyemtoa nje kwa kumshika mabega.

Mlango ulipofungwa, sauti iliuliza kama amekula. Akaieleza alichokula, na saa ya mteja iliyomshinda kuifunga siku hiyo kwa sababu ya lile jicho, na jinsi alivyoona aibu. Ikamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha ikamuuliza, taratibu, kama lile la pili liwe leo.

Alivua miwani, akaikunja, akaiweka mezani. Akasogeza kiti hadi paji la uso likagusa kioo chenye joto, akaliacha jicho la kulia wazi.