Mtumiaji wa Tecno

"Rudia jina, tafadhali," muuzaji alisema kwa mara ya tatu.

"Tecno. T, E, C, N, O."

Muuzaji akaandika kwenye kompyuta yake. Kompyuta ikamletea spika za disko. Akaigeuza ili mteja ajionee mwenyewe kwamba simu aliyoishika mkononi haikuwepo.

Ilikuwa Novemba 2017, Ijumaa ya bei za kutupa inayofuata sikukuu ya bata mzinga, na duka hilo la vifaa vya umeme huko Maple Grove, Minnesota, lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Watu walisukuma toroli zenye televisheni pana kuliko kuta walizokusudia kuzitundika. Mteja mwenyewe alikuwa mwanamume mrefu, koti la buluu limefungwa vifungo vyote, skafu ya njano shingoni. Betri ya simu yake ilikuwa imevimba mpaka kifuniko hakifungi. Nyuma yake kwenye foleni, mwanamke aliyevaa koti la rangi ya chungwa alicheka bila kujificha.

"Boss, betri ya Tecno huku? Si ungeagiza tu na chapati?"

Mwanamume akageuka, uso umemchangamka. "Dada, unasema Kiswahili!"

"Nimezaliwa Eldoret, nitasema nini? Na hiyo mchina yako, nasikia hata Wachina wenyewe hawaijui."

"Ni kweli. Ilitengenezwa kwa ajili yetu."

"Na ni ya laini mbili? Mwanaume wa laini mbili mimi simwamini."

"Zote mbili zimekufa, dada. Hakuna hata moja inashika mtandao wa Amerika. Niko mwaminifu kwa lazima."

Mwanamke alicheka tena, na safari hii alimtazama vizuri.

Jina lake lilikuwa Jeptoo. Alikuwa mchambuzi wa takwimu katika kampuni moja ya Golden Valley, na siku za Jumamosi alisomea shahada ya uzamili ya biashara. Mwanamume aliitwa Bagalwa. Alizaliwa Bukavu, akaishi miaka mingi katika kambi ya Nakivale, Uganda, kabla ya kuletwa Minnesota kama mkimbizi. Alifanya kazi katika kiwanda cha Maple Grove, akiunganisha mirija myembamba ambayo madaktari huipitisha kwenye mishipa ya moyo. Mfuko mmoja wa koti lake ulikuwa na simu ya Kimarekani. Ile Tecno aliitumia palipo na intaneti tu, kwa kuwa mama yake, aliyebaki Nakivale, alimtafuta kwa namba ile na hakutaka kujifunza nyingine.

Nje, kwenye maegesho, jioni ilikuwa imeingia mapema kama kawaida ya Novemba. Jeptoo alijipiga picha na simu yake ya bei kubwa. Likaonekana koti la chungwa na safu ya meno.

"Niachie," Bagalwa alisema, akainua Tecno yake. Katika picha yake alionekana mtu: paji la uso, macho, kovu dogo kwenye kidevu.

"Wueh!" Jeptoo akasema. "Hii kitu inaniona."

"Mi pia nakuona," Bagalwa akajibu.

Betri ilipatikana kwa Mkongomani mmoja aliyekuwa akirudi kutoka Kampala. Kufikia Krismasi, Jeptoo na Bagalwa walikuwa wakipigiana simu kila siku.

"Umekula nini, chérie?"

"Nafaka na maziwa."

"Saa hii? Chakula ya mtoto! Nikuletee sombe, kisamvu ya kwetu?"

"Lete. Lakini usivae ile viatu yako ya mamba, jirani zangu watafikiri nimetembelewa na waziri."

"Waziri anaomba tu viazi kidogo kwa pembeni."

Bagalwa alipenda mavazi. Alikuwa na suti nne, kila moja ikining'inia ndani ya mfuko wake wa plastiki, na alijua kuzipiga pasi kuliko fundi. Jeptoo alipenda kumwona akivaa, lakini nyumbani. Wakienda kula nje alichagua mikahawa ya Saint Paul, mbali na wafanyakazi wenzake. Mara mbili Bagalwa alimwalika kanisani kwao. "Mama za kanisa wananiuliza kila Jumapili, fiancée iko wapi? Nasema anakuja." Mara mbili Jeptoo alisingizia masomo. Hakuwa amejiambia kwamba anamficha. Alijiambia kwamba ana shughuli nyingi.

Januari, darasa lilipewa kazi ya kueleza asili na ukuaji wa kampuni moja isiyojulikana Marekani. Jeptoo hakuhitaji kufikiri.

"Babe, niazime hiyo Tecno yako Jumamosi. Nataka kuonyesha watu."

Bagalwa alimpa akitabasamu. "Nikuje pia?"

"Aah, hakuna cha maana. Ni darasa tu."

Alidhani ni unyenyekevu. Siku chache baadaye, alipopiga simu ya nyumbani kwa Jeptoo, binamu yake Chepkemoi ndiye aliyepokea. Chepkemoi alikuwa muuguzi, na walikuwa wakikaa pamoja. Bila nia mbaya, alimwambia kwamba siku hiyo wanafunzi waliruhusiwa kualika wageni, na kwamba wengine wangekuja na waume na wake zao. Bagalwa alimshukuru, akatoa suti ya rangi ya divai kwenye mfuko wake.

Jumamosi hiyo baridi ilikuwa ya kugandisha kope. Bagalwa alifika chuoni na mabuti ya theluji, akabadilisha viatu mlangoni, akaingia ukumbini kimya na kukaa safu ya nyuma, pembeni ya mke wa mtu aliyemsifia suti yake. Jeptoo alikuwa ameanza kuzungumza. Hakumwona.

Alizungumza vizuri. Kampuni mama, Transsion, alieleza, ilianza mwaka 2006. Wakati huo, katika nchi nyingi za Afrika, kupiga simu mtandao mwingine kulikuwa ghali, kwa hiyo watu walitembea na laini mbili au tatu wakizibadilisha kila mara. Kampuni ikatoa simu ya laini mbili. Mwaka 2008 iliyaacha masoko ya Asia na kuelekeza nguvu zote Afrika. Mwaka 2011 ilifungua kiwanda Ethiopia. Ikaweka betri za kudumu, vituo vya matengenezo, maandishi ya Kiamhari, na kamera zilizorekebishwa ili zione ngozi nyeusi. Sasa iliongoza kwa mauzo ya simu barani kote, ilhali huko Shenzhen, makao yake makuu, wengi hawakuwahi kushika simu yake.

"Haikushinda kwa teknolojia ya ajabu," Jeptoo alisema. "Iliwatazama watu ambao wengine hawakuona sababu ya kuwatazama."

Akabonyeza. Kwenye ukuta ikatokea picha ya Bagalwa, kubwa kuliko mlango: jikoni kwa Jeptoo, fulana ya ndani, kijiko cha sombe njiani kuelekea mdomoni, Tecno mezani. Chini yake kulikuwa na maneno: *Mtumiaji. Mkimbizi, Kongo. Kipato cha chini.*

Wachache walicheka, si kwa ubaya. Profesa aliinua mkono. "Picha nzuri sana. Ni mtu wako huyu?"

Jibu la kweli lilikuwa neno moja. Jeptoo aliona safu ya mbele wafanyakazi wenzake wawili wa Golden Valley waliosoma naye darasa hilo, mmoja wao msimamizi wake.

"Hapana," alisema. "Ni mtumiaji tu. Nilimpata kupitia kanisa moja linalosaidia wakimbizi, nikamhoji."

Aliposema hivyo aliinua macho ili aite swali jingine, na huko nyuma akaiona suti ya rangi ya divai.

Alimaliza kwa sauti isiyokuwa yake. Darasa likapiga makofi, na Bagalwa akapiga makofi pamoja nao, taratibu, mpaka mwisho. Watu walipoanza kusimama alishuka ngazi hadi mbele, akanyoosha mkono.

"Naomba simu yangu, madame. Mama anapiga saa sita."

Kwa muda wote wa mapenzi yao hakuwahi kumwita madame. Jeptoo alimpa simu. Msimamizi wake, aliyekuwa karibu, alimtazama mwanamume, akautazama ukuta, akajishughulisha na kufunga mkoba.

"Ulipata maksi gani?" Chepkemoi aliuliza wiki iliyofuata.

"A."

"Basi uolewe na hiyo A."

"Chep, tafadhali."

"Tafadhali nini? Mtu alinipigia ananiuliza tai ya rangi gani. Tai, Jeptoo! Na mimi nikamchagulia."

Jeptoo alipiga simu asubuhi, akapiga mchana, akatuma ujumbe, akaufuta, akautuma tena. Siku ya nne Bagalwa alipokea. Nyuma yake zilisikika mashine za kiwanda.

"Niko kwa mapumziko. Sema."

"Pole. Pole sana, mpenzi. Nilikuwa nataka maksi, nika-panic, na..."

"Hapana. Maksi ungepata hata ungesema huyu ni mpenzi wangu. Kampuni ingebaki ile ile, miaka ile ile. Si ni kweli?"

Jeptoo alifikiri. "Ni kweli."

"Bon. Sasa sema ile kitu ilikuwa."

Jeptoo alifunga mlango wa chumba chake.

"Niliona haya," akasema. "Kusema ni wewe."

"Voilà." Sauti yake haikupanda. "Uliniita mtumiaji. Nimewaza hiyo neno siku zote hizi. Mi nilitumia simu, ndiyo. Na wewe ulitumia nini?"

Jeptoo alisogeza simu karibu zaidi na sikio.

"Na unajua kitu inaniuma zaidi?" Bagalwa aliendelea. "Si ile picha. Ni pasi. Nilipiga ile suti pasi asubuhi, nikiimba. Nikikumbuka naona haya, mi peke yangu, mbele ya mashine. Wewe ndiye ulikosa, na haya iko kwangu."

"Niambie nifanye nini. Nitakuja nikwambie kila siku wewe ni nani kwangu."

"Usiniambie mimi. Mi najijua."

Kengele ya kiwanda ikalia, akakata.

Jumamosi Jeptoo aliomba dakika moja kabla ya kipindi. Aliliambia darasa kwamba maelezo yake kuhusu mtu wa kwenye picha hayakuwa ya kweli: hakumhoji, wala hakumpata kupitia kanisa. Ni mpenzi wake, na picha aliionyesha bila ruhusa. Profesa alisema asante, na kwamba alama haitabadilika. Msimamizi wake alimwambia kwa upole kwamba haikuwa lazima. Kisha kipindi kikaendelea, na Jeptoo akagundua kwamba kukiri mbele ya watu wasiojali ni rahisi mno. Hakumpigia Bagalwa kumweleza.

Jumapili iliyofuata alivaa gauni refu la kijani, akafunga kitambaa kichwani, akaenda Saint Paul. Kanisa la Wakongomani liliazima jengo la Walutheri saa za mchana. Alikuta kwaya ikiimba na watoto wakinong'onezana Kiingereza chini ya viti. Mbele, kando ya ngoma, Bagalwa alikuwa akipiga gitaa la besi. Alimwona akiingia. Vidole vyake vilikosea noti moja, vikaendelea.

Baada ya nyimbo, Mama Donatille, mama mnene mwenye kitenge cha maua na kilemba kirefu, alishika kipaza sauti.

"Bageni betu basimame, tubajue!"

Hiyo ilikuwa desturi yao: mgeni hutaja jina, na aliyemleta husimama kumpokea. Familia moja kutoka Iowa ilisimama, na Papa Ildephonse, mzee wa kanisa, akasimama nayo. Halafu Jeptoo akasimama.

"Naitwa Jeptoo. Natoka Golden Valley."

"Karibu, mwanangu. Umekuja kwa nani?"

"Kwa Bagalwa." Minong'ono ya furaha ilianza upande wa akina mama. Aliinyamazisha kwa kuendelea. "Lakini leo hakunialika. Alinialika zamani, nikakataa. Kisha niliulizwa mbele ya watu kama yeye ni mtu wangu, na mwenyewe alikuwa pale anasikia, amevaa suti. Nikasema hapana. Nimekuja kusema kwamba nilidanganya."

Mtoto mmoja aliuliza jambo kwa Kiingereza, akazibwa mdomo. Mama Donatille, ambaye hakuwahi kukosa maneno, aliyakosa. Akashika lile ambalo desturi ilimpa.

"Mugeni huyu ni wa nani?"

Hakuna aliyesimama. Bagalwa alitazama nyuzi za gitaa lake. Jeptoo alibaki wima katikati ya watu waliokaa, mikono haijui pa kwenda, akimsubiri mtu mmoja achague neno la kumwita. Alielewa kwamba Bagalwa ana haki ya kunyamaza, na kwamba yeye hawezi hata kukasirika. Akainama kuchukua mkoba wake.

Waya wa gitaa ulichomolewa, spika zikapasua sauti. Bagalwa akaja katikati ya viti, akasimama hatua moja kando yake, bila kumgusa.

"Ni wangu," alisema.

Vigelegele vikapaa. Jeptoo hakuweza kuinua uso.

Chakula kilikuwa chini, kwenye ukumbi wenye meza ndefu. Bagalwa alimletea sahani ya ugali wa muhogo na sombe, akaiweka mbele yake.

"Bado niko na hasira," alisema kwa sauti ya chini.

"Najua."

"Nimesimama kwa sababu najua vile inauma kukaa pale peke yako. Usifikiri imeisha."

"Sifikiri."

Meza ya jirani akina mama walijifanya wanazungumza mambo yao. Bagalwa aliitazama sahani.

"Mbona huli?"

"Naona haya."

"Bon." Akavuta kiti, akakaa karibu naye, mbele ya wote. "Kula nayo."