Taa Nyekundu Kanduyi

Wewe, simu iliyokatwa waya ikianza kupumua, utaiweka sikioni?

Wilkista hakuwa mtu wa majini. Alifundisha fizikia Kitale, na watu wa kukemea mapepo kwa vipaza sauti walimchosha. Ila kila akipigia mama yake, Nabwile, kule Kanduyi, simu ya mezani ilikuwa bize. Mama ana presha, anaishi peke yake, na simu ya mkono alikataa: "Ati ninunue kitu cha kunisikiliza mfukoni?" Siku akianguka, nani atajua?

Basi Jumamosi mchana alimleta Naim, fundi wa simu wa karibu na msikiti wa Bungoma, aliyefunga kijisanduku cha taa ubavuni mwa simu.

"Kina rezista kubwa, madam. Kinaonja umeme wa laini, hakinywi. Kijani, simu imetulia. Nyekundu, kuna mtu ameinua mkono wa simu. Giza, laini imekufa."

Ikawaka nyekundu. Mkono wa simu ulikuwa umelala mahali pake.

"Maji yameingia kwa waya," Wilkista alisema.

Naim akaukata waya ukutani. Taa haikuzima.

"Madam, hapa hakuna umeme hata kidogo." Akarudi nyuma. "Audhubillahi."

Nabwile aliacha kuchambua mboga. "Ni jini. Liacheni, litachoka."

"Mama, bana, jini gani la…"

Hakumaliza, maana harufu ya dawa ya kupangusia sakafu za wodi ilikuwa imejaa sebule, ile ile ya hospitali ya Kitale alikofia baba, ambako nesi aliwaambia mzee alishinda akipigia nyumbani na kukuta bize, na mama akaapa kwamba laini ilikuwa mbovu, na sasa kutoka kwa simu iliyokatwa waya kulikuwa na mtu anavuta pumzi, taratibu, kwa shida, kama anayepanda ngazi akiwa na gunia kifuani.

Wilkista akauinua mkono wa simu.

"Nabwile," sauti ilisema. "Shika simu."

Alimnyooshea mama yake mkono wa simu. Nabwile akaja na majani ya mboga bado vidoleni, akaushika kwa mikono yote miwili.

"Baba Wilkista, laini haikuwa mbovu. Nilikuwa nimechoka kukusikia ukilia. Nilitoa huu mkono, nikaufunika na mto, nikalala."