Kifaransa cha Séverine

Kila siku Séverine aliamka kabla ya jua, akachukua ndoo na kwenda kisimani na mama yake. Wakirudi walipalilia mahindi mpaka kengele ya shule ilipogongwa. Mchana masomo yakiisha, wenzake wa darasa la tano walikwenda nyumbani kupumzika, lakini yeye na watoto wengine wachache walibaki kwa ajili ya Kifaransa. Matumbo yalikuwa matupu, na chini ya lile paa la nyasi joto lilifanya macho yajifunge yenyewe.

Mwaka ule wa 1979 kila mtu katika makazi ya wakimbizi ya Mishamo alikuwa amechoka. Watu walikuwa wametoka Burundi wakikimbia mauaji, wakaishi miaka kadhaa katika vijiji vya Kigoma, kisha malori yakawaleta msituni huku, wakaambiwa wakate miti na kulima. Baba yake Séverine alishinda akipambana na visiki, na jioni alikula akisinzia. Nyumbani walizungumza Kirundi, shuleni walisoma kwa Kiswahili. Kifaransa hakikuwamo katika ratiba. Wazazi ndio waliokiomba, maana walisema siku wakirudi kwao, mtoto asiyejua Kifaransa atapata taabu shuleni.

Mwalimu wao alikuwa mzee Pontien, mtu mwembamba aliyefundisha Burundi kwa miaka mingi. Alisoma sentensi, watoto wakaifuatisha, tena na tena, mpaka ikakaa kichwani. Aliyekosea matamshi alisimama mpaka kipindi kiishe. Maana ya maneno hakuieleza sana.

"Kwanza masikio na ulimi," alikuwa akisema huku akijifuta jasho. "Maana itakuja baadaye."

Séverine alikuwa na ulimi mwepesi kuliko wote. Aliweza kusema kifungu kizima bila kukwama, na sauti yake ilipanda na kushuka kama ya mwalimu mwenyewe. Mwalimu Pontien alifumba macho akimsikiliza, na uso wake uliochoka ukalainika kidogo. Habari zikaenea. Wanawake kisimani wakawa wanamwambia mama yake, "Mwanao ameshakuwa Mfaransa." Mama alicheka, na Séverine naye akapenda kusikia hivyo. Hakumwambia mtu kwamba maneno mengi aliyoyasema hakuyajua maana yake.

Masika yalipofika, Mwalimu Pontien aliugua malaria, ikamlaza. Mahali pake akaja Mwalimu Apollinarie, mama aliyekuwa akifundisha darasa la pili. Yeye hakutaka kufuatishwa. Alikuja na kikapu, akapanga mezani kikombe, jembe dogo na kitambaa, akasema kwa Kifaransa na kungoja mtu afanye alichosema.

"Séverine," alisema siku ya kwanza, kisha akaongeza sentensi fupi ya Kifaransa.

Séverine aliifuatisha vizuri sana, kila herufi mahali pake.

"Matamshi mazuri," mwalimu akasema. "Lakini sikukuambia useme. Nimekuomba uniletee kikombe."

Darasa likacheka. Mtoto mmoja wa darasa la nne, ambaye Mwalimu Pontien alizoea kumsimamisha kwa matamshi mabovu, akainuka na kukileta kikombe. Séverine aliketi, uso ukimwaka. Tangu siku ile hakurudi kwenye Kifaransa. Mama alidhani anakwenda, kumbe alikuwa akikaa nyuma ya ghala la kijiji mpaka watoto wengine watoke.

Alasiri moja alipokuwa akirudi, jirani yao Eufrazia alimwita. Watu walimwita Mama Evodi, kwa jina la mwanawe mwenye umri wa miaka miwili. Mtoto alikuwa mgongoni, akikohoa. Mkononi Mama Evodi alikuwa na chupa ya dawa ambayo shemeji yake, mvuvi wa Ziwa Tanganyika, alipewa na wachuuzi waliotoka ng'ambo, upande wa Zaire.

"Nisaidie, mwanangu," alisema. "Imeandikwa Kifaransa. Zahanati ni mbali, na leo nimelima mpaka miguu haina nguvu. Nimpe kiasi gani?"

Séverine aliitazama karatasi iliyobandikwa kwenye chupa. Akaisoma kwa sauti, "Une demi-cuillère à café, deux fois par jour." Ilitoka vizuri, na Mama Evodi akatikisa kichwa kwa kustaajabu. Neno *cuillère* Séverine alilijua, ni kijiko. *Deux* ni mbili. *Café* ni kahawa. Maneno yaliyobaki yalimpita. Angeweza kusema, "Twende kwa mwalimu." Lakini Mama Evodi alikuwa akimtazama kwa matumaini makubwa.

"Vijiko viwili," alisema. "Uchanganye na kahawa."

"Kahawa nitaitoa wapi huku? Nitatia kwenye uji."

"Uji nao unafaa," Séverine akajibu, akaondoka upesi.

Jioni mama yake alimtuma kupeleka mboga kwa Mama Evodi. Alimkuta ameketi mlangoni, mtoto mapajani. Evodi alikuwa amelala mdomo wazi, kichwa kikining'inia. Hakukohoa tena, ila pumzi yake ilikuwa ya polepole mno.

"Nilimpa, akatapika kidogo, kisha akalala," Mama Evodi alisema. "Nimemtikisa haamki. Homa imempanda, nadhani. Ngoja nimwongeze vijiko vingine."

Akaishika chupa. Séverine aliweka mboga chini. Kama angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Kama angesema, kesho kijiji kizima kingejua kwamba Kifaransa chake ni cha mdomoni tu. Mama Evodi akaanza kufungua kizibo.

"Usimpe," Séverine akasema. "Mama Evodi, usimpe. Sijui kilichoandikwa."

"Lakini ulisoma. Nilikusikia."

"Nilisoma tu. Sikuelewa. Nilibahatisha."

Mama Evodi hakugomba. Alimtazama mtoto, akamtazama Séverine, na chupa ikabaki mkononi mwake kana kwamba hajui pa kuiweka. Séverine akaichukua, akakimbia nayo mpaka kwa Mwalimu Apollinarie.

Mwalimu aliisoma akiwa amesimama uani. "Nusu ya kijiko kidogo, kile cha chai," alisema. "Mara mbili kwa siku. Amepewa kiasi gani?"

"Vijiko viwili. Vya kulia wali. Mimi ndiye niliyemwambia."

Mwalimu aliingia ndani haraka. Alitoa baiskeli ya mumewe, akawapitia Mama Evodi na mtoto, akawabeba nyuma mpaka zahanati. Séverine aliwafuata kwa miguu. Mganga alipoambiwa ni dawa gani na imetumika kiasi gani, alijua la kufanya. Alisema wamemwahi, dozi ya pili ingeweza kuizima kabisa pumzi ya mtoto. Usiku ule walimlaza zahanati, wakimwamshaamsha na kumpa maji kidogo kidogo. Asubuhi Evodi alifumbua macho, akalia akitaka chakula. Mama yake naye akalia, akiwa amechoka kiasi kwamba hata machozi hakuyafuta.

Mama yake Séverine aliposikia yote, na habari ya ghala pia, alijifunga kanga yake. Kisha akamwongoza binti yake kwa Mama Evodi kuomba radhi. Kwa siku nyingi zilizofuata, Séverine alichota maji ya nyumba mbili.

Mwalimu Pontien alipopata nafuu, alimwita nyumbani kwake. Alikuwa ameketi juani, amejifunika blanketi, na Mwalimu Apollinarie alikuwa karibu naye.

"Nimeambiwa," mzee alisema. "Mimi nilifundishwa kwa kufuatisha, nami nikafundisha hivyo hivyo. Nilipenda kusikia sauti yako. Ilinikumbusha nyumbani. Ndiyo maana sikuwahi kukuuliza kama unaelewa. Kosa hilo ni langu."

Séverine aliinamisha kichwa. "Na langu, Mwalimu?"

"Lako ni kwamba ulijua hujui, ukajibu hata hivyo. Na ulipokosea darasani, ukakimbia badala ya kujifunza." Alipumzika kidogo, maana maneno yalimchosha. "Sikiliza, mwanangu. Ukisema hujui, watu watakucheka siku moja, kisha utafundishwa. Ukijifanya unajua, mwingine ndiye atakayeumia. Lakini uliposimamisha ule mkono wa Mama Evodi ulisema kweli, na kweli hiyo ndiyo iliyomwokoa mtoto. Anzia hapo."

Tangu wiki ile Mwalimu Apollinarie ndiye aliyefundisha, na mzee alikuja kusikiliza matamshi alipokuwa na nguvu. Séverine alikaa benchi la mbele. Mwalimu aliposema sentensi ya kwanza, watoto wote walitazamana.

"Nani hakuelewa?" mwalimu akauliza.

Séverine akanyoosha mkono.