Chumvi Iliyobaki Chini ya Pipa

Mwaka ule wa 1968, Laurentine na mume wake Hilaire walikuwa wanaishi Kahendero, kijiji cha wavuvi nchini Uganda. Walitoka Butembo, Kongo. Kazi yao ilikuwa kutengeneza makayabo, yaani samaki wa chumvi, na kuwauza sokoni Mpondwe, mpakani.

Asubuhi moja Laurentine alipasua samaki na kuwaosha kama kawaida. Kisha akafungua pipa la samaki aliowalowesha kwenye maji ya chumvi wiki iliyopita. Harufu ikampiga usoni. Samaki wote walikuwa wameoza.

Hasira zikampanda. Alichukua kopo la chembe nyeupe alizotoa chini ya pipa siku ile ya kutia chumvi. Akaenda moja kwa moja gulioni pale kijijini kwa Loyi, muuza chumvi ya Ziwa Katwe, akammwagia nusu miguuni.

"Wewe iko mwizi," alisema mbele ya watu wote. "Unauzisha muchanga. Nilikoroga mpaka mukono ikaniuma, hii ikakatala kuyeyuka. Nikaitoa. Sasa samaki yangu yote imeoza."

Loyi alikung'uta chembe miguuni. "Mimi nauza chumvi hapa miaka kumi. Nani aliwahi kuniita mwizi?"

Lakini wateja walikwisha kuanza kumrudishia chumvi yake. Hakuna hata mmoja aliyeionja kwanza. Nilikuwapo pale; nikikumbuka, nakasirika mpaka leo.

Syahuka, bwana samaki, yaani ofisa wa uvuvi wa pale, alisikia kelele akaja. Alitia chembe zilizobaki kwenye bakuli la maji safi, akakoroga. Zote zikayeyuka.

"Mchanga iko wapi?" aliuliza.

Syahuka akaongeza chumvi ya Loyi, kijiko baada ya kijiko. Iliyeyuka, ikayeyuka, halafu ikakaa tu chini.

"Sasa maji imeshiba," alisema. "Hata ukikoroga mpaka jioni, haiwezi kuyeyusha ingine. Hii ya chini ni chumvi ileile."

Akaongeza maji kidogo, akakoroga. Ile ya chini nayo ikayeyuka.

"Basi samaki imeoza juu ya nini?" Laurentine aliuliza kwa ukali.

"Samaki inatoa maji yake ndani ya pipa. Maji ya chumvi inakosa nguvu. Ile ya chini ndiyo inayeyuka kushibisha maji tena. Wewe uliitoa, mama. Iache. Na ukiona chini hakuna kitu, ongeza."

Laurentine aliinamisha kichwa. "Yaya Loyi, dada yangu, unisamehe," alisema polepole.

"Lile neno mwizi ulilisema kwa sauti kubwa," Loyi alimjibu.

Laurentine aligeuka. Akawaambia watu wote kwa sauti ileile: "Loyi haiko mwizi. Mimi ndiye nilikosea."

Wiki ile aliacha chumvi chini ya pipa, na kila asubuhi alikagua. Samaki walitoka wagumu, bila harufu mbaya. Akampelekea Loyi wawili.

Loyi aliwapokea. Lakini kwanza aliwanusa, mbele ya watu.