Saa ya Lewis Ilisimama Kilomita ya Kumi na Tano

"Kobe kwa Swara. Amepita kilomita ya tisa, anaongoza. Over."

Swara alikuwa Jerotich. Pumzi aliyokuwa nayo ilikuwa ya kupandia mlima, si ya kupiga gumzo.

Alikuwa anakimbia kinyume.

Mbio za msitu wa Eburru ni mzunguko mmoja: kilomita ishirini na moja, kutoka geti la msitu juu ya Ndabibi, kupanda, kuzunguka kilele, kurudi palepale. Wakimbiaji mia mbili waliondoka saa moja asubuhi wakaelekea kushoto. Yeye aliondoka saa mbili kasorobo, peke yake, akashika kulia. Mwamuzi mmoja alimpulizia filimbi.

"Madam! Unapotea! Ni huku!"

Laiti angekuwa amepotea.

Aliyekuwa anaongoza mbio ni Lewis Ndung'u, namba 114, afisa wa Idara ya ujasusi kama yeye. Ndani ya pakiti ya jeli ya kuongeza nguvu, kwenye mfuko wa kifua, Lewis alibeba memori kadi ndogo kuliko ukucha. Kamera ya ofisini ilimnasa jana jioni akiijaza. Ilikuwa na majina kumi na moja ya watu wanaoipasha Idara habari za malori yanayopitisha bunduki kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na hiki kilikuwa kimevaa viatu vya Salomon.

"Swara, unanipata?" Alikuwa Kobe tena, yaani Khisa, mkuu wa operesheni, akiwa ndani ya Land Cruiser pale getini.

"Nakupata, mzee."

"Usimguse. Mwache apeane hiyo kadi. Sisi tutamfuata mteja mpaka kwa wakubwa wake. Hiyo ni order."

"Mzee, Trizah yuko kwa hiyo list. Huyo mteja akishika kadi, kutuma majina ni dakika mbili."

"Tutawatoa hao watu baadaye."

"Hata yule wa mwezi jana tulisema tutamtoa baadaye."

Yule wa mwezi jana alikuwa fundi wa magurudumu. Walimwokota mtaroni, nje kidogo ya Salgaa.

"Order ni order, Swara."

"Mzee, network... inapo... tea..."

Network ilikuwa safi kabisa. Jerotich alizima redio yake ya Motorola, akaitia mfukoni.

Njia ilisimama wima mbele yake, mizizi ya mierezi imetambaa kila mahali na matope ya jana yanateleza. Goti la kulia lilianza malalamiko yake. Goti hilo ndilo lililomtoa kwenye riadha na kumsukuma Idarani.

Aliogopa. Tuseme wazi. Si kwa ajili ya goti wala bastola ya mtu, bali kwa ajili ya mwanamke mmoja mwenye hoteli ya mabati huko Salgaa, anayewapikia madereva chai na chapati. Trizah hakuwa jasusi. Aliombwa tu ahesabu malori fulani, na aliyemwomba ni Jerotich.

"Nikikusaidia, sister, utaniangalia?" Trizah aliuliza siku ile, mikono imejaa unga.

"Nitakuangalia."

Basi. Hakuna karatasi iliyoandikwa. Ni neno tu, na sasa neno hilo lilikuwa linampandisha mlima.

Mahali pa kukabidhiana kadi, Idarani alipajua Jerotich peke yake. Miaka minne iliyopita ndiye aliyemfundisha Lewis kukimbia, na tangu hapo saa ya Lewis ya Garmin ilituma kila zoezi kwenye simu ya Jerotich. Lewis alikwisha kusahau. Jumapili nne mfululizo amekimbia mzunguko huu, na Jumapili zote nne saa ilisimamishwa kilomita ya kumi na tano, kwa dakika tatu, kisha ikaendelea.

Jasusi mwenye akili angeiacha saa nyumbani. Lakini mkimbiaji? Mkimbiaji atakosa harusi ya dada yake kabla hajakubali wastani wa mwendo wake uharibike. Tena aliyempa Lewis ugonjwa huo ni Jerotich mwenyewe. "Ukisimama, simamisha saa," alikuwa akimwambia. "Usijidanganye."

Kutoka kilomita ya tisa hadi ya kumi na tano ni sita. Kutoka getini kwa njia ya nyuma, pia ni sita.

Sita kwa sita.

Tofauti ni kwamba Lewis alikuwa na magoti mawili.

Aliteleza mara ya kwanza, akainuka. Mara ya pili alipasua kiganja. Saa mbili na dakika kumi na tano alisikia mlio wa mvuke, akajua amefika.

Eburru haina mto. Wenyeji hutega mvuke unaotoka ardhini, wanaupitisha kwenye mabomba, ukipoa unakuwa maji ya kunywa. Kando ya mabomba hayo alikuwa amekaa mzungu mwenye jaketi la njano la wasimamizi wa mbio. Hakuwa na chupa za maji, ila simu ya setilaiti ya Thuraya pajani.

Mvuke ulipiga kelele kuliko nyayo za Jerotich. Alimfikia kwa nyuma, akamgusisha bastola ya Glock shingoni.

"Polepole, boss."

Mzungu alirusha kiwiko. Kikampata mbavuni. Jerotich alimsukuma akaangukia bomba la moto, akapiga yowe, na kabla yowe halijaisha mikono yake ilikuwa mgongoni imefungwa kwa pingu za plastiki. Skafu yake ikawa kizibo cha mdomo. Jerotich alimburuta nyuma ya tangi, akavaa jaketi la njano, akavuta kofia mpaka kwenye nyusi.

Dakika moja.

Lewis alitokea kwenye kona, jasho likimchuruzika, peke yake. Alikimbia vizuri. Jerotich alijionea fahari kidogo, na fahari hiyo ikamchoma.

Hatua nne kutoka kwake, Lewis aliona viganja vyeusi, kimoja chenye damu, kwenye jaketi la mzungu. Akasimama.

Bastola ya Lewis ilikuwa kiunoni, kushoto. Mkono wake wa kulia uliinuka.

Ukaenda kwenye saa.

Piip.

Mazoea yana taabu. Ilikuwa nusu sekunde tu, na Jerotich hakuhitaji zaidi. Alimpiga ngwara, akamkalia mgongoni, akaitupa bastola kwenye vichaka.

"Coach," Lewis alisema, shavu likiwa kwenye matope. "Coach, ni wewe?"

"Kopi iko wapi?"

"Hakuna. Walitaka kadi moja, mkononi. Coach, hujui walinishika na nini."

"Sijui. Hata Trizah hakujua."

Alipasua pakiti ya jeli, akatoa kadi, akaivunja vipande viwili. Kisha akawasha redio.

"Kobe, Swara hapa. Network imerudi. Nina wawili kwa mabomba. Majina yako salama."



"Wakubwa wa mteja wamezima simu zote," alisema Khisa. "Miezi minane ya kazi, Jerotich. Kesho saa mbili ofisini kwangu. Leta kitambulisho na bunduki."

"Sawa, mzee."

Vijana wa Khisa walipofika kuchukua mizigo yao, Jerotich alikuwa ameketi kwenye jiwe na simu sikioni.

"Ai, Jero! Unahema hivyo, kwani unafukuzwa?" Nyuma ya sauti ya Trizah mafuta yalikuwa yanakaanga.

"Nilikuwa kwa mlima tu. Uko poa?"

"Niko poa, nasukuma chapati. Halafu leo zile lori ni mob, zimejaa hapa nje. Nianze kuhesabu?"

Jerotich alifumba macho.

"Usihesabu, Trizah. Usihesabu tena."

"Kwani nilikosea?"

"Hukukosea. Ni mimi nilikosea kukuomba. Niwekee mbili, nakuja."

Alisimama, akatupa jaketi la njano juu ya tangi, akaacha njia ya mbio, akaanza kuteremka upande wa barabara ya Nakuru. Mkimbiaji mmoja alimpita, macho yamemtoka.

"Madam, unapotea! Finish ni huku!"

"Najua, boss," alisema Jerotich, akaendelea kuteremka.